Sura ya Tano: Anachorithi Ndama

Alikuwa amelazwa juu ya kiroba cha mchele, kando ya zizi la miiba, na inzi walikwisha kumjua. Urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kope zilikuwa zimefumba. Nywele chache laini zilikwisha kuota juu ya macho na kuzunguka mdomo, lakini mwili uliobaki ulikuwa mtupu, na kwato zilikuwa laini, za njano, kama punje za mahindi machanga. Afisa mifugo wa kata niliyekuwa nimeandamana naye alimtazama bila kumgusa, akakadiria: miezi mitano, labda na siku kidogo. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi. Huyu alikuwa ameishia katikati ya njia.

Ilikuwa mwezi wa tatu, Usangu, upande wa Mbarali. Mito yote ishukayo kutoka milima ya Mbeya na Iringa ilikuwa imefika bondeni, na bonde halikuwa na pa kuyaweka maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Huyu ni wa tatu tangu mwezi uandame."

"Mama yake yuko wapi?"

Mzee alielekeza kwa kidevu. Jike jekundu, mwenye nundu ndogo, alikuwa akila majani karibu na lango la zizi. Kondo lilikuwa bado linaning'inia nyuma yake.

"Hajaugua. Anakula, anakunywa. Amemtupa tu."

"Na aliyemwokota alipoangukia ni nani?"

"Mimi."

"Kwa mikono mitupu, mzee?"

"Ningemshika na nini, mwanangu?"

Afisa mifugo hakumjibu. Alifungua begi lake, akatoa glovu jozi mbili, akampa mzee jozi moja.

Mfugaji wa Nyanda za Juu Kusini amefundishwa kwamba ugonjwa wa ng'ombe hutoka nje, na aliyemfundisha hakukosea. Ndigana kali huletwa na kupe, ndiyo maana kuna josho. Homa ya mapafu huletwa na ng'ombe mgeni aliyenunuliwa mnadani. Kimeta hukaa ardhini kikisubiri. Lakini viko virusi vyenye njia nyingine, inayopita mahali ambapo josho halifiki wala hakuna wa kuuliza kibali cha kusafirishia mifugo. Vinatoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kabla mtoto hajauona mwanga. Kwa anayefuga ng'ombe wa nyama hilo ni jambo zito, kwa sababu mavuno yake ni ndama. Wa maziwa akitupa mimba, huenda bado kuna cha kukamua. Wa nyama akitupa mimba, mwaka mzima umepotea, na miaka mitatu au minne ambayo ndama yule angeitumia kukua hadi kufikia mnada haianzi kuhesabiwa.

Ili kuielewa njia hiyo, hatuna budi kulitazama kwa makini lile kondo lililokuwa linaning'inia.

Yeyote aliyewahi kuzalisha ng'ombe analijua. Ni utando mpana, telezi, wenye vitufe vyekundu vilivyotawanyika, kwa kawaida kati ya 70 na 120. Wakati wa mimba kila kitufe hushikana na mwenzake kwenye ukuta wa mji wa mimba, mithili ya vifungo vya shati vikiwa ndani ya vitundu vyake. Hapo ndipo chakula na hewa hupita. Damu ya mama na damu ya ndama hazichanganyiki. Katikati yake kuna tabaka za seli zilizopangana, kizuizi kinene kuliko kile cha binadamu. Kwa binadamu kondo huruhusu kingamwili za mama zipite, ndiyo maana mtoto mchanga huja duniani akiwa amevishwa sehemu ya kinga ya mama yake. Ndama havishwi chochote. Kingamwili haziwezi kuvuka tabaka zile, kwa hiyo anazaliwa maskini kabisa wa kinga, na utajiri wake wote unamsubiri kwenye chuchu.

Utajiri huo ni dang'a. Maziwa yale mazito ya njano ya siku ya kwanza yamebeba kingamwili za kila ugonjwa ambao mama alipambana nao akaushinda. Utumbo wa ndama katika saa zake za kwanza una milango iliyo wazi, nao unaweza kuzimeza kingamwili nzima nzima na kuziingiza kwenye damu. Milango hiyo huanza kufungwa baada ya saa chache, na siku moja ikiisha imefungwa kabisa. Ndiyo sababu wazee hukasirika wakimwona kijana anamkamua ng'ombe aliyezaa usiku kabla ndama hajanyonya.

Kondo hilohilo linalokataa kupitisha kingamwili ndilo linalokubali kupitisha virusi. Kingamwili ikifika kwenye kitufe hugonga ukuta. Virusi havigongi: vinaingia ndani ya seli ya ukuta wenyewe, vinazaliana humo, kisha vinatokea upande wa pili. Watafiti wa Uholanzi walionyesha hivyo kwa kondoo katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilikuwa vimejenga makazi hasa pale mama na mtoto wanapogusana, kana kwamba vilikuwa vinapatafuta.

Sasa tazama kinachompata ng'ombe wa asili, kama yule jike mwekundu. Mbu anamng'ata. Kwa siku chache virusi vinaogelea katika damu yake. Pengine anapata homa, pengine hapati hata hiyo, maana ng'ombe wetu wa asili wengi huipitia homa hii bila dalili ambayo mchungaji angeiona. Baada ya siku hizo mwili wake unaunda kingamwili na virusi vinafagiliwa. Lakini vichache vilikwisha kuvuka. Upande wa pili kuna kijusi kisicho na kinga yake, na kinga ambayo mama ameitengeneza haina njia ya kumfuata huko. Mama anapona kabisa, anakula, anakunywa maji, na ndani yake mtoto anakufa kwa ini lililooza. Mama hana ugonjwa tena wa kumwambukiza. Alichokuwa nacho alikwisha kumpa.

Kwa sababu hiyo mzee wa Usangu alisema kweli aliposema jike wake hajaugua.

Nataja homa ya Bonde la Ufa kwanza kwa sababu ni mtoto wa Afrika Mashariki, na kwa sababu imetuumiza. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1930 kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya. Wana-kondoo walikuwa wakifa siku chache baada ya kuzaliwa, na majike yakitupa mimba. Daubney na Hudson wa maabara ya Kabete, pamoja na Garnham, waliielezea mwaka 1931. Kondoo walipohamishiwa nyanda za juu zaidi, vifo vilikoma, na hapo ndipo mbu walipoanza kushukiwa. Miongoni mwa kondoo wenye mimba walioambukizwa, karibu wote hutupa. Kwa ng'ombe idadi hubadilika sana kulingana na aina na mahali, lakini alama ni ileile: mimba zinaanguka kwa wakati mmoja na zina umri tofauti. Brusela, ambayo wafugaji wengi huiita kwa jina la "ugonjwa wa kutupa mimba" kana kwamba hakuna mwingine, huelekea kuangusha mimba kubwa. Mimba za miezi miwili, mitano na minane zikianguka katika wiki moja kwenye zizi moja, na mvua imezidi, kuna neno.

Kuanzia 1930 hadi 2007 milipuko mikubwa kama kumi ilirekodiwa Tanzania, na kwa miaka mingi ilikuwa habari ya kaskazini. Mwishoni mwa 2006 mvua zilinyesha kupita kiasi Afrika Mashariki yote. Kenya ilianza kuzika watu Desemba. Januari 2007 ugonjwa ulionekana kaskazini mwa Tanzania, kisha ukashuka Dodoma, Morogoro, na safari hii ukafika Iringa. Ulipotulia Juni, watu 511 walikuwa wameshukiwa kuugua katika mikoa 10 kati ya 21 ya wakati ule. Maabara ilithibitisha 186, na watu 144 walikuwa wamefariki. Nyama ya ng'ombe ikakosa wanunuzi. Kwa wafugaji msiba ulikuwa mara mbili: mazizi yalipoteza ndama ambao hawakuhesabiwa na mtu yeyote, na wale waliobaki hawakuuzika.

Katika orodha ya mikoa ile kumi, Mbeya haimo. Kwa muda mrefu nami niliamini kwamba Mbeya ilisalimika, hadi niliposoma kazi iliyofanywa na kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR cha Mbeya pamoja na wenzao wa Ujerumani, ikachapishwa mwaka 2012. Walikuwa na damu za watu 17,872 walioshiriki utafiti mwingine mwaka 2007 na 2008. Wakachagua sampuli 1,228 kutoka sehemu mbalimbali za mkoa na kuzipima kama zina kingamwili za homa ya Bonde la Ufa. Kwa mkoa mzima walipata asilimia 5.2. Lakini katika eneo moja karibu na Ziwa Nyasa, kati ya watu 150 waliopimwa, asilimia 29.3 walikuwa nazo. Karibu mtu mmoja kati ya watatu wanne alikwisha kupitiwa na virusi hivi, mahali ambapo hakuna mlipuko uliowahi kutangazwa wala mgonjwa aliyewahi kutambuliwa.

Wenye ng'ombe walikuwa nazo zaidi. Wakubwa walikuwa nazo kuliko wadogo, maana yake virusi havikupita mara moja tu vikaondoka. Na katika eneo lile la ziwa, mwinuko wa nyumba ulikuwa na uzito mkubwa kiasi kwamba tofauti ya mita chache ilionekana kwenye damu ya mtu: aliye chini, penye madimbwi, alikuwa hatarini kuliko jirani yake aliye juu kidogo. Anayeijua Kyela, wilaya iliyo kando ya ziwa hilo, hahitaji kuelezwa. Baada ya masika, maji hulala kwenye mashamba ya mpunga na katikati ya migomba hadi yatakapoamua yenyewe kuondoka.

Naamini ng'ombe walitupa mimba Kyela miaka ile. Haiwezekani watu wengi hivyo waambukizwe na ng'ombe wasiguswe. Zile mimba zilikwenda wapi? Zilitupwa mtoni, zililiwa na mbwa, zilifukiwa chini ya migomba, na kama kuna aliyeuliza alijibiwa brusela, au alijibiwa kwamba jirani ana kijicho. Mimba iliyotupwa ni barua ambayo mama ameiandika kuhusu kilichompata, na tumekuwa tukizifukia bila kuzisoma.

Swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi ni hili: kati ya mlipuko na mlipuko, miaka saba, kumi, hata kumi na saba, virusi hukaa wapi? Ng'ombe aliyepona havitunzi. Mtu havitunzi. Jibu lililo kubwa lilipatikana Kenya miaka ya 1980, nalo pia linahusu mama na mtoto, ila mama mwenyewe ni mbu.

Kuna aina ya mbu, Aedes mcintoshi, ambaye hatagi juu ya maji. Anataga kwenye udongo wenye unyevu kando ya madimbwi, kwenye mbuga zinazofurika na kukauka. Mayai yale yanahimili ukame. Jua linapasua ardhi, ng'ombe wanapita juu yake, na mayai yamelala tu kwa miaka. Watafiti wa kazi ile ya Kenya walikusanya viluwiluwi kutoka kwenye mbuga iliyofurika, wakawalea maabara hadi wakawa mbu kamili ambao hawajawahi kuonja damu ya kiumbe yeyote, kisha wakawapima. Virusi vilikuwemo. Vilikuwemo hata ndani ya mbu madume, na mbu dume hanyonyi damu maisha yake yote. Hakuna pengine palipoweza kuwapa isipokuwa yai walimototoka. Mwana wa nyoka ni nyoka: mbu huyu anamrithisha mwanawe virusi, na yai linavitunza ardhini hadi gharika ijayo.

Ukiisoma Usangu kwa jicho hilo, inabadilika. Kinamasi cha Ihefu, mashamba makubwa ya mpunga ya Kapunga, Mbarali na Madibira, vijito vinavyopanda na kushuka; juu kidogo, Iringa, vinyungu vya mabondeni. Ni nchi yenye maji yanayokuja na kuondoka, na hayo ndiyo maji ambayo Aedes anayapenda. Mafuriko yakija, wanatotoka kwa maelfu na kumng'ata mnyama wa karibu, ambaye ni ng'ombe. Kisha mbu wa aina nyingine, hasa wale wa Culex wanaopenda maji yanayokaa, wanauchukua moto uliokwisha kuwashwa na kuusambaza zizi hadi zizi. Kwenye bonde la Kilombero, ng'ambo ya milima ya Iringa, watafiti waliwakuta wanyama waliozaliwa baada ya mlipuko wa 2007 wakiwa na kingamwili, ingawa hakuna mlipuko mwingine uliotangazwa. Hapo ilibidi wawe makini na umri, kwa sababu ndama mdogo mwenye kingamwili huenda hajawahi kuugua: amenyonya tu. Kinga ya mama hukaa kwenye damu yake kwa miezi kadhaa, halafu inafifia na kumwacha ajitegemee.

Chanjo ipo, nayo ina habari yake. Ile iliyotumika kwa miongo mingi Afrika inaitwa Smithburn, kwa jina la mtafiti aliyevipata virusi vyake ndani ya mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Virusi hivyo vilidhoofishwa maabara hadi vikawa havimuui mnyama mzima. Ni chanjo ya bei nafuu, na dozi moja humpa mnyama kinga ya muda mrefu. Lakini ni virusi hai, na namna ya kuvuka kondo havikuisahau. Jike mwenye mimba akichanjwa, anaweza kutupa, au kuzaa ndama mwenye kilema. Chanjo mpya zaidi, iitwayo Clone 13, ilitokana na virusi vya mgonjwa mmoja wa Jamhuri ya Afrika ya Kati na ni salama zaidi. Hata hivyo kondoo wenye mimba changa walipopewa dozi kubwa kupita kiasi katika majaribio, ilivuka pia.

Kwenye karatasi, ushauri ni mwepesi: usichanje majike yenye mimba. Zizini ni kitendawili. Ranchi inayoendeshwa kwa utaratibu inaweza kutenga madume na majike, ikawaachia kwa miezi maalumu, na ikajua ni lini majike hayana kitu tumboni. Lakini ng'ombe wengi wa nyama wa Mbarali, Pawaga na Idodi ni wa wafugaji wa asili, na katika kundi la asili dume hutembea na majike mwaka mzima. Siku yoyote utakayochagua, sehemu kubwa ya majike ina mimba, na nyingine ni mimba changa ambazo mwenyewe hazijui. Satelaiti zinaweza kutahadharisha kwamba mvua na majani yamefikia kiwango cha hatari. Mwaka 2006 zilitahadharisha kwa ukanda wetu, wiki mbili hadi sita kabla ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa. Je, wiki mbili zinatosha kupata chanjo, barafu, gari, na kulifikia kundi lililoko ng'ambo ya mto uliofurika? Na zikitosha, mfugaji atakubali uchanje majike ambayo chanjo yenyewe inaweza kuyaharibia mimba, kwa sababu ya mvua ambayo pengine haitaleta kitu?

Mimi nisingemlaumu akikataa. Naona nafasi iliyobaki iko kwa mtamba. Kabla hajapandwa kwa mara ya kwanza hana mimba ya kupoteza, na mwenye kundi anamjua kwa jina. Mitamba ikichanjwa kila mwaka, bila kungoja mafuriko, baada ya miaka michache kundi litakuwa na akina mama wenye kinga, nao watairithisha kwa dang'a. Kazi hiyo haina kishindo, wala haipigwi picha ya gazeti.

Lipo jambo jingine ambalo virusi hufanya tumboni, na mimi linanitisha kuliko kifo cha kijusi. Ni kumwacha hai.

Virusi vya ugonjwa wa ng'ombe uitwao BVD vinamharisha ng'ombe mzima siku chache na kumwachilia. Kingamwili zake zimewahi kukutwa kwenye damu za ng'ombe wa Tanzania, kama zilivyokutwa karibu kila nchi yenye ng'ombe. Jike akivipata akiwa na mimba ya mwezi mmoja hadi minne hivi, yaani kabla mwili wa kijusi haujajifunza kutofautisha cha kwake na cha mgeni, virusi vinaingia na kukutwa pale siku ile mwili unapoandikisha wenyeji. Navyo vinaandikishwa. Tangu hapo kinga ya ndama huyo itavihesabu kuwa ni sehemu ya mwili wake, na haitavipiga vita kamwe. Anazaliwa. Mwingine huzaliwa amedumaa, mwingine mzuri wa kuvutia, na kila siku ya maisha yake anavimwaga kwa mate, kwa kamasi, kwa mkojo, kwa kinyesi. Akiwa jike, kila ndama atakayemzaa atakuwa kama yeye. Akiwa dume, mbegu zake zinavibeba. Na ukimpima kingamwili, kipimo ambacho maabara nyingi hutumia, anatoka safi, kwa sababu hajawahi kutengeneza hata moja. Ni lazima utafute virusi vyenyewe. Uswisi ilipoamua kuving'oa, mwaka 2008 ilipima ng'ombe wa nchi nzima, na ndama waliozaliwa baadaye wakawa wanapimwa kwa kipande cha sikio kinachobaki hereni inapowekwa. Anayenunua dume la Boran kwa mamilioni ili kuboresha ng'ombe wake wa asili hana budi kuuliza swali hilo kabla ya kulipa.

Kuna vingine. Virusi vya lukosi, vinavyokaa ndani ya chembe nyeupe za damu, huwafikia ndama wachache wakiwa tumboni. Wengi zaidi huvipata baadaye kwa maziwa, au kwa sindano moja inayotumika kwa kundi zima. Sindano hiyo tunaiona kila siku.

Turudi kwa mikono ya mzee. Kijusi kilichokufa kwa homa ya Bonde la Ufa kimejaa virusi kuliko pengine popote katika zizi. Maji ya uzazi, damu, kondo, vyote. Watu wengi walioambukizwa katika milipuko yetu hawakuambukizwa na mbu bali na mnyama: kuchinja, kuchuna, kuzalisha, kuokota kilichotupwa. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili wakadhani ni malaria. Wachache huvuja damu, au huingiliwa ubongo, au hupoteza kuona. Na katika nyumba nyingi anayemsaidia mbuzi au ng'ombe kuzaa, au kusafisha baada yake, ni mwanamke, ambaye pengine naye ni mjamzito. Mwaka 2000 nchini Saudi Arabia mtoto mchanga alifariki kwa homa hii siku chache baada ya kuzaliwa. Alikuwa ameipata tumboni. Utafiti uliofanywa Port Sudan na kuchapishwa mwaka 2016 uliona kwamba wanawake wajawazito waliokuwa na maambukizi mapya walipoteza mimba zaidi kuliko wenzao. Hapo ndipo niliacha kuliita jambo hili la mifugo peke yake.

Zizini siku ile, afisa mifugo alivaa glovu, barakoa na miwani, akapiga goti. Alichana tumbo dogo kwa wembe. Ini lilikuwa la rangi ya udongo, laini, linachomoka vidoleni. Alikata vipande vya ini, bandama na ubongo, akaviweka kwenye vichupa, akaandika tarehe na namba kwa kalamu isiyofutika, akavizungushia plastiki mara tatu na kuvizika kwenye barafu ndani ya kisanduku. Vilikuwa vya kwenda kituo cha TVLA, maabara ya mifugo, Iringa, na kama hapana budi, hadi Temeke, Dar es Salaam. Barafu ilikuwa ya kutosha hadi jioni.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu, glovu mikononi, akiwa ameinua viganja kama mtu anayeomba dua.

"Huyu mama," alisema, "nimuuze? Atazaa hivihivi tena?"

"Usimuuze kwanza, mzee. Kama ni homa ya Bonde la Ufa, yeye amekwisha kuimaliza. Ndama wake ajaye atanyonya hiyo kinga."

"Na kama siyo hiyo?"

"Kama ni brusela, tutaongea tena, na maziwa yake yasinywewe bila kuchemshwa. Kama ni nyingine, tutaona."

Mbwa wawili walikuwa wamelala mbali kidogo, macho kwenye kiroba. Mjukuu wa mzee alileta jembe na ndoo ya majivu. Tulianza kuchimba pale pale, nje ya uzio, lakini kabla shimo halijafika magotini maji yalianza kuchuruzika kutoka pembeni, na likajaa. Tulijaribu hatua kumi mbele, likajaa tena. Mwishowe mzee alionyesha kichuguu kilichokuwa upande wa pili wa njia ya ng'ombe, mahali pekee penye udongo mkavu. Afisa mifugo akabeba kiroba, kijana akatangulia na jembe, na sisi tukafuata, tukiruka nyayo za kwato zilizojaa maji.